Mama Sindano na Dawa ya Gereji

Mama Sindano hakuwa mtu wa salamu. Ukiingia na mbwa wako kwenye chumba chake, nyuma ya ofisi ya mifugo, hakukuuliza habari za nyumbani wala za kazi. Alimtazama mbwa, akakutazama wewe, akauliza, "Tangu lini?" Ukijibu, "Tangu jana, daktari," aliuliza tena, sauti imepanda, "Tangu lini?" Ukisema, "Labda siku tatu hivi," alipiga meza ya bati kwa kiganja mpaka mikasi ikaruka. "Nimekuuliza tangu lini!" Hapo ndipo ukweli ulipotoka, na mara nyingi ukweli ulikuwa wiki tatu, au mwezi mzima.

"Mbwa hasemi uongo," alizoea kusema. "Mwongo ni huyu aliyeshika kamba."

Hakuwa daktari, ingawa wote walimwita hivyo. Daktari mwenyewe alikuja Jumanne na Ijumaa na gari lake na haraka zake. Siku nyingine zote chumba kilikuwa cha Mama Sindano: meza ya bati, mizani iliyotengenezwa kupimia magunia, friji ndogo ya chanjo yenye kufuli, na kabati la dawa ambalo mlango wake ulifungwa kwa bendeji kwa sababu bawaba zilikwisha kitambo. Alikuwa na cheti cha miaka miwili, uzoefu wa miaka ishirini na mmoja, na hasira ambayo hata yeye hakukumbuka ilianza lini.

Na tusimsingizie, sababu alikuwa nazo. Chukua wiki moja tu. Jumatatu alikuja mwalimu na mbwa aliyekuwa anachechemea. Mwalimu, kwa huruma zake, alikuwa amempa vidonge vyake mwenyewe vya maumivu, viwili asubuhi viwili jioni, "maana hata mimi vinanisaidia mgongo." Mbwa alikuwa anatapika damu nyeusi. Jumatano alikuja fundi cherehani, mama mmoja mpole, na mtoto wa mbwa ndani ya mkoba wa mkononi. Alikuwa na watoto wa mbwa wanne, watatu walishakufa kwa kuharisha damu, na huyu wa nne alianza asubuhi ile. Chanjo? "Nilisubiri wakue kwanza." Alhamisi alikuja muuza nyama ambaye mbwa wake alikuwa amekwamwa na mfupa wa kuku uliopikwa, ule unaovunjika vipande vyenye ncha. Ijumaa akaja kijana wa duka la simu na mbwa aliyelegea. Mama Sindano akamng'oa mbwa kupe wa sikio moja tu, akawapanga kwenye kifuniko cha chupa mmoja mmoja, akamsukumia kijana kifuniko.

"Arobaini na tatu," akasema. "Hawa ndio walikuwa wanakunywa damu ya mbwa wako. Wewe ulikuwa unakunywa nini?"

Somo lake lilikuwa moja, na alilitoa kwa kelele kwa kila aliyeingia. Alimfunua mbwa mdomo wa juu kwa kidole gumba, akamvuta mwenye mbwa kwa kola ikibidi. "Tazama ufizi! Ukiwa na rangi ya ndani ya mdomo wako wewe, mshukuru Mungu, nenda nyumbani. Ukiwa mweupe kama chokaa, usiseme utamleta kesho, mlete leo. Ukiwa wa njano, ulipaswa kuja jana. Huna haja ya kusoma kitabu. Una macho!"

Watu waliondoka na dawa, na wengine waliondoka na machozi. Walisema mkono wake ni mzuri ila ulimi wake ni pilipili. Maneno hayo yalimfikia, maana mtaani maneno hayana mlango. Alikunja mdomo tu. "Ulimi wangu haujawahi kuua mbwa," akasema. "Uzembe wao ndio unaua."

Lakini hasira yake kubwa, ile ya kumtoa usingizini, haikuwa kwa hawa. Kikulacho ki nguoni mwako. Hasira ile ilikuwa ya kaka yake.

Kaka yake aliitwa Fundi Spana. Walizaliwa tumbo moja, yeye amemzidi miaka minne, na gereji yake ilikuwa mtaa wa tatu kutoka ofisi ya mifugo. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mkarimu mpaka kero, ambaye hakuwahi kumfokea mtu tangu azaliwe. Kwenye kona ya gereji, nyuma ya gari bovu lisilo na magurudumu, alikuwa na pipa la bluu alimomwagia oili chafu anayoitoa kwenye injini. Na juu ya pipa lile aliandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kama za kampeni: DAWA YA UKURUTU WA MBWA. BURE.

Watu walikuja na chupa. Mbwa anajikuna, manyoya yanapukutika, ngozi imekuwa ngumu kama gome, basi unampaka oili ya gereji kuanzia shingoni mpaka mkiani na kumfunga juani. Baada ya wiki anaacha kujikuna. Mwenye mbwa anarudi kwa Fundi Spana na shukrani, wanacheka, wanapiga soga. Asiyerudi ni yule ambaye mbwa wake alikufa, na huyo husema majirani wamemtilia sumu.

Mama Sindano alimweleza kaka yake mara ya kwanza, ya pili na ya kumi. Oili ile ina sumu za kila injini iliyopita hapo. Mbwa hana taulo wala bafu, anajisafisha kwa ulimi, kwa hiyo kile unachompaka mgongoni unamlisha. Kinaingia kwenye ini, kinaingia kwenye figo. Na ukurutu wenyewe ni wadudu wasioonekana kwa macho, wanaochimba ndani ya ngozi, na kuna sindano yake, unachoma leo, unarudia baada ya wiki mbili, mambo yamekwisha.

"Mdogo wangu," Fundi Spana alimjibu mbele ya wateja, huku anafuta mikono, "mimi nimeponya magari elfu kwa oili."

"Hiyo ni oili mpya! Na mbwa si gari, kichwa maji wewe!"

Wateja walicheka. Mama Sindano akaliendea pipa akalipiga teke alimwage. Pipa halikusogea hata kidogo, na yeye akachechemea wiki nzima kwa kidole cha mguu. Kuanzia siku ile hawakusemeshana, mwezi wa tano sasa. Walipokutana Jumapili kwa mama yao walizungumza kupitia kwa mama. "Mama, mwambie mwanao asogeze kiti." Na kwa kuwa mama alikuwa hasikii vizuri, ilibidi ujumbe upigiwe kelele, ukafika mtaa wa pili kabla haujamfikia kaka mtu aliyekaa palepale.

Mama huyo alikaa peke yake katika vyumba viwili vyenye ua mdogo na stoo ya mabati. Masikio yalikuwa yamemwacha polepole, lakini kiburi hakikumwacha. Hakutaka kuhamia kwa binti wala kwa mtoto wa kiume. Masikio yake yalikuwa mbwa. Mbwa wa kahawia, sikio moja limejikunja, jina lake Hayawahusu. Majirani walipouliza bikizee wa umri ule anataka nini na mbwa, mama aliwajibu hayawahusu, na walipouliza mbwa anaitwaje akawajibu hilohilo, wakanuna. Mtu akigonga mlango, Hayawahusu alikwenda kumsukuma mama gotini kwa pua, kisha akatangulia mlangoni. Sufuria ikifurika jikoni, alifanya vivyo hivyo. Siku mtungi wa gesi ulipovuja, alimng'ang'ania upindo wa gauni mpaka akamtoa nje.

Kwa hiyo ndugu wale wawili, kabla ya ugomvi wa pipa, walikubaliana jambo moja, nalo lilikuwa la mwisho kukubaliana: maadamu Hayawahusu yupo, mama abaki kwake. Siku mbwa akiondoka, mama naye itabidi aondoke, apende asipende. Mama aliwasikia siku ile. Mambo kama hayo huwa anayasikia.

Alhamisi moja, saa sita mchana, Mama Sindano alikuwa anakamua jipu la mbwa wa mlinzi wa shule, simu ikaita. Jina lilikuwa la kaka yake. Aliiacha iite mpaka ikakatika. Ikaita tena. Akaipokea kwa mkono ulio safi.

"Nani kafa?"

"Bado," kaka yake akasema. Sauti haikuwa na kicheko hata chembe. "Ni Hayawahusu. Njoo kwa mama na mkoba wako."

Alinusa kabla hajafika getini. Harufu ya gereji, pale uani kwa mama yake, palipokuwa na harufu ya sabuni na majani ya chai tangu yeye ni mtoto. Hayawahusu alikuwa amelala kivulini karibu na stoo, mweusi, anang'aa, kapakwa kuanzia shingoni mpaka mkiani. Alikuwa anahema kwa kasi, udenda unamtiririka, miguu ya nyuma inatetemeka. Kando yake palikuwa na matapishi mawili. Fundi Spana alisimama pale, mikono mitupu, kofia ameivua.

Mama Sindano alifungua mdomo, na maneno yakaja yote.

"Umemuua! Umempaka masikio ya mama yako uchafu wa malori! Nilikwambia, mbele ya watu nilikwambia, ukanicheka! Usisimame hapo kama nguzo! Lete beseni! Lete maji ya vuguvugu, nimesema vuguvugu, si ya kunyonyolea kuku! Lete sabuni ya kuoshea vyombo!"

Fundi Spana alikimbia. Alirudi na beseni, sabuni na pakiti ya maziwa.

"Tumnyweshe maziwa atapike? Nimesikia..."

"Umesikia gerejini! Ukimtapisha, oili inaingia mapafuni, unammaliza. Weka hayo maziwa chini! Mshike kichwa asijilambe!"

Waliosha. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili meusi, ya tatu yakawa kahawia. Mama Sindano alikata manyoya kwa mkasi, akasugua kwa vidole, akamwaga, akaanza upya. Mdomo wake haukupumzika hata mara moja. Alimtukana kaka yake, akalitukana pipa, akalitukana gari bovu lisilo na magurudumu, akamtukana aliyevumbua injini. Mama yao alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni anawatazama, mikono ameikunja ndani ya mikono mirefu ya gauni. Binti yake hakuwa amemwamkia. Jambo hilo halikuwahi kutokea.

Oili ilipotoka, ngozi ikaonekana. Kingo za masikio zilikuwa na magamba mazito. Viwiko vilikuwa vitupu, vimepasuka, na ngozi ya tumbo ilikuwa nene kama soli ya kiatu. Mama Sindano aliacha kusugua akaitazama. Ukurutu wa hivyo hauji kwa siku tatu. Akamfunua Hayawahusu mdomo wa juu kwa kidole gumba. Ufizi ulikuwa mweupe kama chokaa.

Akamchoma dripu mguuni. Hapakuwa na pa kuitundika, kwa hiyo Fundi Spana aliinua mfuko juu kwa mkono, akasimama hivyo, mrefu.

"Nimempaka jana jioni," akasema polepole. "Alfajiri akaanza kutapika. Nikadhani ni chakula."

"Na kwa nini hukunipigia alfajiri?"

"Ungepokea?"

Mama Sindano akainamia mguu wa mbwa. Akakaza plasta ya dripu. "Nani alikutuma umpake mbwa wa mama? Wewe huna hata aibu, unamchukua mbwa wa mama yako unamgeuza..."

"Sikumchukua," kaka yake akasema. Akaelekeza kidevu mlangoni. "Muulize mwenyewe."

Mama Sindano akainuka, mikono inadondosha maji machafu, akaenda mlangoni. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Akainama usawa wa uso wa mama yake, na lililomtoka lilikuwa lilelile la ofisini, kwa sauti ileile.

"Tangu lini?"

"Nini?"

"Mbwa anajikuna tangu lini?"

"Juzi juzi tu," mama akasema.

"Mama. Tangu lini?"

"Labda wiki iliyopita. Mimi sishiki tarehe."

Mama Sindano akapiga fremu ya mlango kwa kiganja. "Nimekuuliza tangu lini!"

Mama akashtuka. Mikono ikamtoka ndani ya gauni, na Mama Sindano akaiona. Kuanzia viganjani mpaka viwikoni ilikuwa na vipele vidogo vyekundu na mistari ya kucha. Ukurutu wa mbwa humwasha na mtu pia, anayelala naye karibu, anayempakata. Mama alikuwa anajikuna siku nyingi.

"Tangu mvua zilipokatika," mama akasema.

Hiyo ilikuwa miezi miwili na ushei.

"Miezi miwili! Na mimi ninakuja hapa kila Jumapili! Ninakaa hapa, ninakunywa chai hapa! Nilikuwa wapi nisimwone?"

"Nilikuwa namfungia stoo."

"Stoo?"

"Kila Jumapili. Ukiondoka ndiyo namfungulia."

Na ni kweli, alikumbuka. Alikuwa ameuliza mara mbili tatu, "Mama, Hayawahusu yuko wapi leo?" na mama akajibu, "Katoka kutembea, naye ana shughuli zake." Wakacheka wote. Yeye, aliyejisifu kwamba anaona ugonjwa kabla mbwa hajavuka kizingiti, alikunywa chai yake akaenda zake, na mbwa yuko hatua kumi, nyuma ya bati, anajikuna gizani.

"Kwa nini, mama?" Sauti ilikuwa bado juu, haikujua njia ya kushuka. "Dawa ninayo! Sindano mbili tu, mama! Mtu ana mtoto anayetibu mbwa, anaenda kuomba oili gereji. Kwa nini?"

Mama alimtazama usoni. Hakuwa analia. Bora angelia.

"Mara ile ya kupe," akasema, "ulinisema mbele ya wageni. Ulisema mtu mzima mimi nimeshindwa kumwangalia mbwa mmoja. Ukanihesabia kupe kwenye kifuniko, ukanipa nishike. Wageni wakaangalia chini. Nikasema moyoni mwangu, safari nyingine sitagombezwa. Kaka yako hagombezi mtu."

"Kwa hiyo ukaona afadhali afe?"

"Sikujua atakufa, mwanangu. Nilijua utapiga kelele."

Fundi Spana, kule uani, alihamishia dripu mkono wa pili na kujifanya anaangalia mawingu.

"Siku hizi sisikii mlango," mama akaendelea, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza bei ya vitunguu. "Redio siisikii. Wajukuu wakiniita siwasikii, naona midomo tu. Lakini wewe nakusikia, neno kwa neno. Ukiondoka bado nakusikia."

Mama Sindano alisimama pale na mikono yake michafu. Hasira ilikuwa bado ipo, moto uleule, ila ilikosa pa kwenda. Aliitafutia mahali. Alitaka kuirudisha kwa kaka yake, lakini kaka yake alikuwa amesimama muda wote huo ameinua mkono kwa ajili ya mbwa. Alitaka kuipeleka kwenye pipa, na pipa alilijua, halisogei. Ikamrudia mwenyewe, na akagundua kwamba hasira ya kujikasirikia inauma vibaya kuliko zote, maana huwezi kutoka ukaifungia mlango.

Akamkumbuka fundi cherehani mwenye mkoba. Wiki ile kabla ya Jumatano, siku gani vile, alikuwa anamfokea mwanamume mmoja dirishani, na nje getini akaona mama mmoja na mkoba amesimama, anasikiliza. Kisha akageuka akarudi. Alidhani mtu amekosea ofisi. Watoto wa mbwa walikuwa bado wanne siku hiyo, au watatu. Na ule ukweli wa mara ya tatu, ule aliojivunia miaka ishirini na mmoja kwamba yeye peke yake ndiye anayejua kuutoa, kwani nani alikuwa anawafanya wadanganye mara mbili za kwanza? Alikuwa amesema ulimi wake haujawahi kuua mbwa. Alilisema hilo mara nyingi, kwa watu wengi.

Alinawa mikono. Akaenda kwenye mkoba akachukua dawa ya kupaka, akarudi, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake na kuanza kumpaka mikono, vidole mpaka viwiko. Mkono wa pili ulipofikiwa, akakumbuka.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Eh?"

"Shikamoo!"

"Marahaba," mama akajibu.

Siku nne walimpigania Hayawahusu. Asubuhi alikuwa Mama Sindano kabla ya kazi, mchana Fundi Spana alifunga gereji akaja na chakula cha mama, jioni wote wawili. Walisemeshana moja kwa moja, maana hapakuwa na muda wa kumtumia mama ujumbe. "Shika hapa." "Punguza matone." "Amekojoa?" Hilo ndilo lilikuwa swali. Siku ya kwanza alikojoa kidogo, siku ya pili akazidisha kidogo, na Fundi Spana akampigia dada yake simu kumwambia kwa furaha kama mtu aliyepata mtoto. Siku ya tatu hakukojoa. Figo zilikuwa zimefunga kazi. Jumapili asubuhi Mama Sindano alifunua mdomo wa juu, akaona njano.

Alikufa kabla ya saa nne, kichwa kwenye kiatu cha mama. Walimzika nyuma ya stoo. Fundi Spana alichimba mwenyewe, kwa hasira, akavunja mpini wa jembe na kuendelea na kipande. Alikuwa mtu asiyefoka, lakini siku ile aliongea na udongo maneno ambayo dada yake hakujua kama anayajua.

Mchana uleule alikwenda gereji na kopo la rangi nyeusi akayafuta maandishi ya pipa. Dada yake alimfuata, akasimama mlangoni kuhakikisha.

"Andika hapo kwamba waje kwangu," akamwambia. "Andika kuna sindano."

Fundi Spana alitazama brashi. "Nikiwaandikia waje kwako," akasema, "watakuja?"

Kama angesema hilo wiki moja kabla, pipa lingepigwa teke la pili. Mama Sindano alisaga meno. Alitaka kumjibu, na jibu alikuwa nalo, kali, tayari mdomoni. Akalimeza, likapita kama mfupa.

"Andika tu," akasema.

Jioni walimkalisha mama wakamkumbusha makubaliano. Chumba kipo kwa binti, chumba kipo kwa mwana, achague. Mama aliwasikiliza, au aliwaangalia midomo, kisha akasema haendi popote, na asiyetaka alale na wasiwasi wake. Walibembeleza, wakatisha, wakachoka. Mama alibaki kwake, katika vyumba viwili, bila masikio.

Ndiyo maana Jumatatu, kabla ya kazi, Mama Sindano alikwenda kwanza kwa mama yake. Akagonga. Kimya. Akagonga tena kwa ngumi, akangoja, kwa mazoea, kusikia kucha za mbwa zikija sakafuni na kisha miguu ya mama. Hakuna kilichokuja. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa. Aliwaza gesi, aliwaza bafuni, aliwaza mambo yote ambayo Hayawahusu alikuwa anayazuia na yeye hakuyahesabu kamwe.

Hapakuwa na njia nyingine. Akaweka mikono mdomoni.

"Mama! Ni mimi!"

Kimya. Jirani wa kushoto akatoa kichwa.

"Mama! Fungua! Ni mimi!"

Kimya. Jirani wa kulia naye akatoka na mswaki mdomoni. Mama Sindano aliwaona, wakasimama wanamtazama, wamezoea kelele zake, wanasubiri kusikia leo ni nani anatukanwa. Akavuta pumzi, akapaza sauti yote aliyopewa na Mungu, ile ya kurusha mikasi mezani.

"Mama! Sikuja kugombana!"

Komeo likalia. Mlango ukafunguka kidogo, mama akasimama pale, amevaa, kikombe cha chai mkononi kinatoa mvuke. Alitazama chini kwanza, mahali mbwa alipozoea kusimama, ndipo akatazama usoni.

"Mama, umenitisha! Nimegonga, nimeita, kumbe umekaa unakunywa chai! Hukunisikia?"

"Nilikusikia tangu ya kwanza," mama akasema, akampisha njia. "Nilikuwa nangoja ya tatu."